Mgongo Usio na Hatia

Busan, 3 Juni 1991

Kwa mdogo wangu Gyu-sik, mkuu wa ukoo, mlinzi wa makaburi, mtoto niliyembeba mgongoni mpaka mgongo wangu ukachukua umbo la kifua chake,

Pokea salamu zenye harufu ya samaki, maana naandikia juu ya meza ya biashara na sina nyingine. Mimi mzima. Magoti yanalalamika nikipanda ngazi, lakini mdomo unafanya kazi zamu mbili. Meza yangu sasa ndiyo inayojulikana kuliko zote katika safu yetu. Juzi nahodha Mrusi aliwapita wanawake wengine wote akaja kwangu moja kwa moja, tukaongea kwa vidole na nyusi mpaka akanunua ngisi wa mabaharia wake wote. Kwa hiyo Kirusi ninakijua. Kijapani nilikijua tangu Osaka. Kimebaki Kiingereza, nacho nasubiri mteja.

Wifi yangu Jeong-nim hajambo? Mwambie mwaka huu sijaona hata chupa moja ya wale kaa wake wa kuchachusha. Kama amenichoka aseme, nitafute wifi mwingine mwenye kaa.

Sasa lililonikalisha niandike. Mwanao Tae-ung alipita hapa sokoni wiki iliyopita, ananiambia, "Shangazi, baba anachechemea."

Nikamwambia, "Baba yako anachechemea tangu azaliwe. Yale ni maringo."

"Hapana Shangazi, safari hii kweli. Kwenye tambiko la mwezi wa nne alipiga magoti mbele ya vibao vya majina ya wahenga akashindwa kuinuka. Wazee wakadhani anaomba dua ndefu."

Nilicheka mpaka nikajikata kidole. Kisha akaniambia ulipelekwa hospitali kule Daegu na kuna daktari anataka kukupasua uti wa mgongo. Hapo kicheko kikanikauka.

Unaumwa nini? Wapi hasa? Jibu kama mtu, usijibu kama jiwe la kaburi. Na usiniambie nipige simu. Simu yako iko ukumbini, mlangoni kwa wifi, na ukisema "haloo" ukoo mzima unatega masikio.

Dada yako, 
Mal-sun


Andong, 20 Juni 1991

Dada mkubwa,

Nimepokea barua yako. Nimepokea pia magamba matatu ya samaki yaliyokuwamo ndani. Sisi hapa hatujambo. Mvua imechelewa, na paa la upande wa mashariki tumelitengeneza. Jeong-nim anakusalimu.

Kuhusu mguu, Tae-ung anapenda kukuza mambo. Ni mguu wa kushoto. Maumivu yanashuka nyuma ya paja mpaka kwenye unyayo, kama waya wenye umeme. Daktari alinipiga picha ya mgongo na kuniambia kuwa pingili mbili za chini zimesagika na huenda zinabana mshipa wa fahamu. Nina umri wa miaka sitini na moja, na naamini pingili zangu zina haki ya kusagika. Nitapasuliwa tarehe 14 Oktoba, baada ya tambiko la mavuno. Nimekubali. Naomba jambo hili lisijadiliwe sokoni.

Umeuliza maumivu yanaanzia wapi. Yanaanzia nyuma.

Gyu-sik


Busan, 2 Julai 1991

Mheshimiwa Nyuma,

Salamu. Sisi wazima. Mpangaji wangu wa juu amepata mtoto, mtoto ana sauti ya king'ora cha meli, namwombea aje kuwa nahodha.

Yanaanzia nyuma! Nyuma ya nini, nyuma ya nyumba? Gyu-sik, mimi ndiye niliyekufuta ulipokuwa mdogo. Mahali hapo pana jina. Panaitwa tako. Una mawili kama watu wengine, hata kama wewe ni mkuu wa ukoo.

Sikiliza nikueleze, maana haya mimi nimeyapitia. Miaka minane iliyopita niliumwa vivyo hivyo, mguu wa kulia, umeme huohuo. Nikachomwa sindano za jadi mpaka nikafanana na mto wa fundi cherehani. Nikanyweshwa supu ya tandu. Mganga mmoja wa kike akaniambia ni marehemu mume wangu ananipiga teke kutoka kuzimu. Nikamjibu, "Yule alipokuwa hai alikuwa mvivu wa kuinua hata mguu wake mwenyewe, leo apige teke?" Mwisho nikaenda kwa daktari mmoja binti mdogo hapa Busan. Hakuanza na picha. Alianza na swali.

"Mama, siku nzima unakaa wapi?"

"Kwenye kigoda cha sokoni, mwanangu. Tangu vita iishe."

"Lala kwa ubavu."

Nikalala. Akaweka kidole gumba katikati ya tako, akabonyeza. Nilipiga ukelele ambao uliwaponya wagonjwa wawili waliokuwa kwenye foleni, maana waliondoka bila kutibiwa. Akasema, "Ni hapa. Mgongo wako hauna hatia."

Akanieleza hivi. Ule mshipa unatoka kwenye uti wa mgongo, unapita kwenye nyonga, unajipenyeza chini ya kimsuli kimoja cha tako chenye umbo la peasi, ndipo unashuka mguuni. Ni kama bomba la maji la bustani. Ukilikanyaga popote, ua linakauka kulekule mwisho. Ua likinyauka, usikimbilie kufukua tangi kabla hujaangalia nani kasimama juu ya bomba.

Na wanaosimama juu ya bomba ni wengi! Nilipopona nikaanza kuuliza watu, unanijua. Chun-ja muuza chaza, wake ulitokana na sindano ya homa aliyodungwa na mama mmoja anayepita nyumba kwa nyumba. Akadunga pasipo pake, unyayo wa Chun-ja unaburuza mpaka leo. Dereva wa lori la barafu alikutwa na uvimbe wa mafuta ndani ya tako, ukubwa wa kiazi, akiuita "mwanangu". Mke wake yeye mguu ulikuwa unamuuma kila anapoingia mwezini, ukiisha na wenyewe unaisha, mpaka ikaonekana nyama za aina ya zile za kizazi zimeota njiani kwa mshipa. Hakumwambia daktari yeyote habari ya mwezi kwa miaka kadhaa, kwa aibu. Wote hao watatu walianza kwa kupigwa picha ya mgongo, na mgongo wa mtu mzima haukosi kasoro ya kuonyesha.

Mimi si daktari. Darasa la nne niliishia mlangoni. Huenda ni mgongo kweli. Na kama mkojo unakutoka bila ruhusa au mguu umekufa ganzi kabisa, tupa barua hii ukimbie hospitali. Lakini nijibu haya. Ukikohoa au kupiga chafya, mguu unashtuka? Ukikaa unazidi, ukitembea unapoa? Ukibonyeza katikati ya tako la kushoto, inakuwaje? Kama mkono haufiki, mwambie wifi akubonyeze. Mmeoana siku nyingi, haitakuwa habari mpya kwake.

Na la mwisho, ndilo kubwa: siku nzima unakaa kwenye nini?

Nakutumia samaki wakavu wa tambiko. Wahenga wawili wa mwisho kulia wapewe vichwa, hawakuwahi kunipenda.

Mal-sun


Andong, 30 Julai 1991

Dada mkubwa,

Salamu kutoka kwetu sote. Mvua hatimaye imenyesha, kupita kiasi. Ukuta wa bustani umeanguka upande mmoja.

Kuna neno umelitumia mara nyingi katika barua yako. Barua zako kwa kawaida mimi humsomea Jeong-nim. Hiyo sikuweza.

Majibu ni haya. Chafya hainisumbui. Nikikaa maumivu yanazidi, na nikitembea yanapungua. Kubonyeza sijabonyeza na sitabonyeza. Ninakaa chumbani kwangu juu ya mto wa hariri, nasoma na kupokea wageni, kama baba alivyokaa, na babu kabla yake. Ndivyo nilivyomwambia daktari. Akasema kwa mtu anayeishi hivyo, la kushuku kwanza ni mgongo. Daktari ana akili, na miadi iko palepale.

Samaki wakavu wamefika, asante. Wakilowekwa kwenye maji ya kuoshea mchele badala ya maji matupu wanalainika vizuri na hawamomonyoki kwenye mafuta. Unga uwe mwepesi, yai liwe jingi.

Gyu-sik


Busan, 9 Agosti 1991

We Gyu-sik,

Leo salamu fupi: nakusalimu.

Nimesoma habari ya samaki mara mbili, kisha nikamwita jirani akanisomea yeye, nikidhani macho yangu yameharibika. Maji ya kuoshea mchele? Hawamomonyoki kwenye mafuta? Unga uwe mwepesi? Wewe? Wewe ambaye ukiwa na kiu hukohoa ili uletewe maji? Kwenye nyumba ile mwanamume akikanyaga kizingiti cha jiko, wahenga wanaanguka kutoka ukutani! Ulikuwa na umri wa miaka kumi na mbili bado unauliza mchele unachumwa kwenye mti gani.

Mtu hasomi hayo kitabuni. Hayo mtu anayajua akiwa amekaa jikoni, tena chini, tena muda mrefu, mafuta yanamrukia usoni. Kwa hiyo usinidanganye na mto wako wa hariri. Kuna jiko mahali fulani unakaa.

Na kwa vile jiko la nyumba kuu ni la wifi, na wewe huingii, hilo jiko ni la nani?

Nimelala nikifikiri, nimeamka nimepata. Una kimada. Ana mgahawa. Uko pale Andong mjini, nyuma ya stendi, yule mwanamke mnene anayeuza kuku wa mchuzi, au dada yake. Unakwenda kwake ukisema unaenda kukagua makaburi, anakukalisha kwenye kigoda pembeni ya jiko ili wateja wasikuone, na wewe kwa mapenzi unamsaidia kukaanga. Mzee mzima! Na unakubali kuchanwa mgongo ili wifi yangu asijue tako lako limeumia kwa nani!

Kanusha. Nakupa nafasi. Lakini kanusha kwa maelezo.

Dada yako, ambaye bado anakupenda ila amekasirika, 
Mal-sun


Busan, 2 Septemba 1991

Gyu-sik,

Hakuna jibu. Mwezi unakatika. Mwenye hasira angejibu matusi, mwenye hatia ndiye anayenyamaza.

Basi nakuja kwenye tambiko la mavuno. Nitavaa lile koti langu jekundu la Osaka. Nitakaa katikati ya wazee na kuuliza kwa sauti ya sokoni, "Jamani, huyu mwenzetu anajifunzia wapi kukaanga samaki?" Kisu changu nitakuja nacho, kwa kazi za kawaida.

Mal-sun


Andong, 8 Septemba 1991

Dada mkubwa,

Usije. Nakuomba kama nilivyokuomba utotoni usimwambie baba nani aliyevunja kile kidau cha wino. Hukumwambia. Kwa sababu hiyo nitakueleza.

Sina kimada. Mwanamke wa nyuma ya stendi sijawahi hata kununua kuku wake. Jiko ni letu.

Mikono ya Jeong-nim inatetemeka. Ilianza majira ya baridi, mkono wa kulia kwanza. Nilidhani ni ubaridi. Siku moja nikasikia chombo kinavunjika jikoni, kisha kimya kirefu kuliko inavyostahili chombo kuvunjika. Nikasimama kwenye kizingiti. Alikuwa ameketi chini na vipande vya bakuli la tambiko mapajani, anajaribu kuviunga, na mikono ikimkatalia. Akasema, "Toka. Usinione." Nikaingia.

Unajua nyumba hii. Karibu kila mwezi kuna mhenga anayestahili chakula. Wanawake wa ukoo wakijua kwamba mke wa nyumba kuu hawezi kushika kisu, watamhurumia kwa siku mbili, ya tatu watashauriana. Binamu Pil-ho amejenga nyumba mpya yenye ukumbi mkubwa, na anasema waziwazi kwamba wahenga wangependa sakafu yenye joto la mabomba. Jeong-nim ameulisha ukoo huu tangu akiwa bibi harusi. Aliniapisha nisimwambie mtu.

Basi tunawaambia wanawake kwamba mwaka huu amejiwekea nadhiri ya kupika peke yake. Tunafunga mlango wa jiko kwa ndani. Yeye anakaa juu ya gunia la mchele na kunielekeza, mimi nakata, nachoma, nakaanga. Jiko ni la chini, kwa hiyo nakaa kwenye kigoda chake. Kilichongwa kwa kipimo chake. Moto uko kulia, kwa hiyo mguu wa kushoto naukunja chini yangu, na ukingo wa kigoda unaingia moja kwa moja katikati ya tako.

Nimelitumia neno. Naomba liishie hapo.

Nilibonyeza pia. Niliingia ghalani nikabonyeza. Mbwa wa jirani aliitikia.

Kwa hiyo labda uko sahihi, na mgongo hauna kosa. Lakini siwezi kumwambia daktari. Tae-ung hukaa pembeni yangu kule hospitali. Akijua, mkewe atajua, na mkewe anasuka mikeka pamoja na mke wa Pil-ho. Heri wanipasue. Mgongo utapona. Jeong-nim akinyang'anywa jiko hatapona.

Sasa unajua. Choma barua hii.

Gyu-sik


Busan, 14 Septemba 1991

Mdogo wangu,

Kimada nimemfukuza. Nakuomba radhi, na umwombe radhi yule mama wa kuku, ingawa hajui.

Nililia juu ya meza. Mteja akauliza ni vitunguu? Nikamwambia hapa hatuuzi vitunguu, hapa tunauza pweza, nunua au pita. Akanunua. Barua nimeichoma kama ulivyosema.

Nimekaa nafikiria lile neno lako, "heri wanipasue." Gyu-sik, wewe ulisoma mpaka maandishi ya Kichina ya kale, mimi hata risiti naandika kwa kubahatisha. Lakini hesabu hii hukuipiga. Haya, wamekupasua. Umelala na bendeji. Mwezi wa kumi wa jadi unafika, matambiko ya makaburini, yale makubwa, wageni mpaka nje ya geti. Nani atakaanga? Wewe uko kitandani unakojolea chupa. Wifi hawezi. Mlango utafunguliwa tu, tena vibaya, tena na Pil-ho. Au umepona, umerudi kwenye kigoda kilekile, mkunjo wa mguu uleule, umeme uleule, ila sasa una kovu mgongoni na huna wa kumsingizia.

Na daktari usimlaumu. Alikuuliza unakaa wapi, ukamwambia mto wa hariri. Hata angekuwa mjukuu wa mtume angekupasua.

Kuna jambo moja zaidi. Uliapa kutowaambia watu. Sawa, mwanamume ni neno lake. Lakini wifi mwenyewe je? Anajua kwamba kigoda chake ndicho kilichokuumiza mguu? Anajua kwamba unakwenda kuchanwa mgongo kwa ajili yake? Nina hakika hajui. Umemwambia ni uzee. Unamficha mwenye siri siri yake! Yule si sahani ya tambiko, Gyu-sik. Mwambie, halafu muulize anataka nini.

Halafu mpeleke naye kwa daktari. Nahodha mmoja wa Shimonoseki namjua mikono yake ilikuwa inacheza ngoma, akapewa vidonge. Haikuisha, lakini anajifunga vifungo mwenyewe.

Siji kwenye tambiko. Koti la Osaka limerudi kabatini. Lakini tarehe 14 Oktoba ikifika sijapata neno kutoka kwako, napanda basi, naingia chumba cha upasuaji na gambuti zangu.

Dada yako anayekuheshimu, hata kama haionekani, 
Mal-sun


Andong, 27 Oktoba 1991

Dada mkubwa,

Nakuandikia nikiwa nimesimama, karatasi iko juu ya kabati la vitabu. Ndiyo amri ya daktari. Najua ulitegemea barua kabla ya tarehe 14 na ulipata simu ya maneno mawili, "Sipasuliwi, usije." Tae-ung alikuwa anasubiri kutumia simu.

Nilimwambia Jeong-nim asubuhi tulipokuwa tunaloweka samaki wa tambiko la mavuno. Nilimwambia yote, pamoja na hospitali. Akainuka kwenye gunia, akanishika bega nami nikainuka. Kisha akakisukuma kigoda kwa mguu mpaka kikaingia kwenye moto. Msonobari mkavu, kiliwaka vizuri. Halafu akaenda kwenye mlango na kuanza kuhangaika na komeo. Mikono ilimchelewesha. Nilitaka kumsaidia, akanitazama nikaacha. Akaufungua.

Uani walikuwepo wanawake wa ukoo, wamekuja kusikia kama nadhiri imekwisha. Wazee walikuwa barazani, na Pil-ho katikati yao.

Jeong-nim akainua mikono yake ili waione. Akasema, "Hii haishiki tena. Tangu majira ya baridi mnakula mapishi ya huyu hapa."

Uani kila mtu alisimama alipokuwa. Hata kuku walisimama. Baba mdogo aliyetoka Yeongju, ambaye ana miaka themanini na minne na hasikii vizuri ila anapotaka, akauliza, "Hata samaki wa mwezi wa nne?"

"Hata wale, Baba."

"Niliongeza mara mbili," akasema kwa huzuni.

Ndipo Pil-ho akasimama, akajikohoza kama mtu aliyeandaa hotuba. "Jamani, jambo hili ni zito. Mwanamume kuwapikia wahenga, haijapata kutokea. Bila kumlaumu mtu, naona ni wakati matambiko yahamie kwangu."

Nilikuwa nimeshafungua mdomo nijibu. Sikupata nafasi. Mke wake, yule mpole, ambaye sijawahi kusikia sauti yake zaidi ya "karibuni", akasema kutoka kwenye kundi la wanawake:

"Yahamie kwa nani?"

"Kwetu, mama watoto. Ukumbi si upo?"

"Ukumbi upo. Mpishi yupo? Mimi sikuulizwa. Kila mwezi nikae chini nikaange wewe ukipokea pongezi barazani? Kama wahenga wanakuja kwetu, wakaangie wewe. Kaka Gyu-sik ameweza na mguu mbovu, wewe miguu yote mizima."

Wanawake walicheka, dada. Ungekuwepo ungefurahi. Mmoja alicheka mpaka akakaa chini. Pil-ho alimtazama Baba mdogo amtetee, na Baba mdogo akamwuliza kama anajua kutengeneza wale samaki, kwa sababu kama hajui yeye binafsi hatahudhuria.

Matambiko yamebaki. Wanawake waliingia jikoni wote pamoja, wakaleta jiko la gesi na kuliweka juu ya meza ndefu, mtu akasimama akakaanga kama binadamu. Waliniachia samaki. Tae-ung nilimpa kazi ya kuchanganya unga, ili asije akarithi mawazo ya baba yake. Jeong-nim aliwekewa kiti katikati, akawa anatoa amri. Ana sauti kubwa kuliko nilivyojua.

Kwa daktari nilikwenda siku chache kabla ya ile tarehe, naye Tae-ung akiwepo. Nilieleza kigoda, mguu uliokunjwa, yote. Daktari akasema, "Mzee, nilikuuliza unakaa wapi, ukaniambia mto wa hariri." Akanilaza kwa ubavu, akabonyeza. Nilisema maneno ambayo muuguzi aliyajua na Tae-ung hakudhani mimi nayajua. Akasema upasuaji usimame. Nimechomwa sindano ya ganzi palepale penye msuli, nimepewa mazoezi: nalala chali, navuta goti la kushoto kuelekea bega la kulia, nahesabu pole pole. Nafanya barazani, wapita njia wananisalimu. Umeme umepungua sana. Daktari amesema usipoisha tutaangalia tena, mgongo nao hajausamehe moja kwa moja. Sujudu bado naifanya nusu, tako moja likiwa juu. Wahenga hawajalalamika.

Jeong-nim alionwa na daktari mwingine, ghorofa ya juu. Amepewa vidonge. Mkono wa kulia bado unatetemeka, ila kijiko anakifikisha.

Jioni ya tambiko, wageni walipokwishaondoka, alikula kwenye meza pamoja na sisi. Hajawahi kula siku ya tambiko chakula kikiwa moto. Nilimwekea samaki wangu, kipande cha katikati. Alikitafuna taratibu, akameza, akasema chumvi haitoshi.

Dada, tangu majira ya baridi nimempikia, na kila nilipomwuliza alisema ni tamu. Alikuwa anaogopa kusema kitu. Sasa kila siku analalamika. Jana mchuzi ulikuwa mzito, leo wali umeshika chini, na kesho najua tayari kwamba nitakosea maharage.

Nakula naye huku nimesimama, na sijawahi kushiba hivi.

Mdogo wako, 
Gyu-sik